Viganja Viwili Chini

Domo alimkamata mwenzake ukosi, akamvuta, akamzaba kofi lililosikika mpaka ofisi ya walimu. Aliyezabwa alizunguka kama pia, akaanguka chali na kutoa ulimi nje. Darasa zima likashangilia.

"Uongo mtupu!" mwalimu alifoka. "Umekufa kabla hujapigwa. Nani anakufa kwa miadi? Inuka, rudieni."

Kipindi hicho kilikuwa Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana, kwenye stoo ya zamani ya madawati. Ndani mlikuwa na dirisha moja lisilo na kioo, magodoro sita ya sponji yaliyotafunwa na panya, na mstari wa chaki sakafuni kuonyesha jukwaa linaishia wapi. Kwenye ratiba kiliandikwa Sanaa za Maonyesho. Watoto wa darasa la sita na la saba walikiita kipindi cha kupigana, na hawakukosea sana. Walifundishwa pia kutembea kama mzee mwenye goti bovu, kubeba gunia lisilokuwepo, kusukuma ukuta wa hewa. Lakini mwambie mtoto wa miaka kumi na mitatu achague kati ya ukuta wa hewa na kumpiga mwenzake ngwala, uone kama utasubiri jibu.

Mwalimu mwenyewe walimwita Mwalimu Hewa. Hakuwa miongoni mwa wale walimu hewa ambao majina yao yapo kwenye orodha na wenyewe hawajulikani waliko. Huyu alikuwepo, tena kuliko walivyopenda. Jina lilitokana na makofi yake, ambayo yote yalikuwa ya hewa. Mkono ulipita shibiri moja mbele ya shavu, na mlio ulitolewa na yule anayepigwa, kwa kugonganisha viganja vyake usawa wa tumbo, mahali watazamaji wasipopaona.

"Anayepiga ni mpambe tu," aliwaambia kila muhula ulipoanza. "Anayepigwa ndiye anayeongoza. Yeye anatoa ruhusa, yeye anatoa mlio, yeye anaamua aanguke wapi. Bila yeye, huyo mbabe wako anapunga mkono tu kama anafukuza inzi."

Sheria zilikuwa tatu, zimeandikwa ukutani kwa chaki. Ya kwanza, macho: wanaopigana watazamane kwanza. Ya pili, ruhusa: anayepigwa atikise kichwa kukubali, na asipotikisa hakuna kofi. Ya tatu aliisema kwa sauti ya chini, na hata Domo, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alinyamaza kuisikiliza. Ukizidiwa, ukiumia, ukiogopa, piga viganja viwili chini, pa-pa, na kila mtu anasimama palepale alipo, hata kama ana mguu mmoja hewani.

"Ukipiga viganja viwili, dunia nzima inasimama," alisema. Maneno hayo alikuja kuyajutia.

Zamani Mwalimu Hewa alikuwa bondia. Alipanda ulingoni mara ishirini na tatu, akashinda sita, na pua yake ilibaki kuwa shahidi wa zile kumi na saba nyingine. Pigo safi kuliko yote aliyowahi kuyatupa halikuwa la ulingoni. Lilimpata binti yake wa miaka tisa, siku mtoto alipochukua kinga ya meno ya babake kuichezea, ikamponyoka, ikatumbukia chooni. Baba alikuwa amerudi kutoka kupigwa. Alimzaba kofi moja, moja tu, mkono wa kulia kwenye sikio la kushoto. Mtoto alikaa chini bila kulia, ameshika sikio, damu ikipita kati ya vidole vyake vidogo. Sikio lile halikusikia tena. Mama mtu alifunga virago wiki hiyohiyo, akaondoka na mwanawe, na hakuna aliyemlaumu.

Binti sasa alikuwa mtu mzima, akiuza duka la dawa. Wateja wenye aibu walimnong'oneza magonjwa yao naye akawageuzia sikio la kulia. Baba yake alipomtembelea, mara mbili tatu kwa mwaka, binti alimwekea kiti upande wake wa kushoto. Hakuwahi kusema kwa nini, na mzee hakuwahi kuuliza. Alizungumza na sikio lililokufa kwa nusu saa, akaaga, akaenda zake. Alikuwa ameapa hatamwinulia mtu mkono tena mpaka anaingia kaburini, na kama kiapo hicho kilimpatia kazi ya kufundisha makofi ya uongo, basi Mungu ana utani wake.

Muhula huo darasa liliandaa igizo lisilo na neno hata moja. Mwizi anakamatwa sokoni, umati unampiga. Lingeonyeshwa siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi. Sehemu ya mwizi alipewa msichana wa darasa la saba ambaye wenzake walimwita Paka, maana mwangushe vyovyote vile, alifikia upande laini. Wengine walihitaji wiki tatu kujifunza kuanguka kwa mpangilio, shavu la mguu, paja, tako, bega, na nusu ya muda huo ililiwa na kicheko cha neno tako. Paka aliweza siku ya kwanza.

Kwenye zoezi la umati, Domo alishika kipande cha kamba kilichocheza sehemu ya mkanda. Akakiinua. Paka hakuanguka walivyopanga. Alijikunja palepale, magoti kifuani, viwiko masikioni, vidole vimefungana nyuma ya shingo, mgongo ameuelekeza kwenye kamba. Hakutoa sauti. Umati ukamzunguka, mateke ya hewa yakamwagika, naye akawa anajivuta kidogo kidogo kuelekea ukutani, mpaka upande mmoja wa mwili wake ukawa hauna mtu.

"Simameni! Mtazameni huyu!" Mwalimu Hewa alipiga makofi kwa furaha. "Mmeona? Hivyo ndivyo mtu anavyopigwa! Angalieni viwiko. Angalieni anavyotafuta ukuta. Paka, rudia wakuone."

Alirudia. Mwalimu akamwambia arudie tena, wale wa nyuma hawakuona vizuri. Mara tatu alimlaza mtoto yule chini ya kamba huku akimsifu, na darasa likampigia makofi. Ni kosa ambalo fundi wa ngumi za uongo peke yake anaweza kulifanya: aliwekewa ukweli mbele ya macho, akautia maksi.

Mara ya tatu umati ulipotawanyika, Paka alibaki amejikunja.

"Mwalimu," alisema kutoka sakafuni, "naruhusiwa kuinuka?"

Mtoto anayeigiza haombi ruhusa ya kuinuka. Anaruka mwenyewe kwenda kusikia sifa zake. Mwalimu Hewa alichuchumaa karibu naye. Shati la mtoto lilikuwa limepanda, na pale mgongo ulipoonekana palikuwa na mistari, mingine ya zamani imekuwa myeusi, mingine mibichi imevimba, na mmoja ulikuwa na alama ya kichuma cha mkanda mwishoni.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Ruhusa ni yako mwenyewe."

Aliwaruhusu wengine waende, akamuuliza. Paka akasema alianguka. Akamuuliza tena, akaambiwa aligongwa na mlango.

"Mlango gani huo unaovaa mkanda?"

Mtoto alitazama chini, akauliza lake. "Mwalimu, ile ya viganja viwili. Kila mtu anasimama?"

"Kila mtu."

"Hata mkubwa?"

Alikuwa na haraka ya kumfariji, na hiyo ndiyo ilikuwa dhambi yake ya pili siku hiyo. "Hata mkubwa," alijibu.

Alhamisi Paka hakuja. Jumanne alitokea mlangoni saa nane na robo, mkono wa kushoto umefungwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko, nyuzi nne za kushonea zimetokeza juu ya nyusi. Mwalimu Hewa alitoka naye nje.

"Nilipiga, Mwalimu," alisema. Hakuwa analia, afadhali angelia. "Nilipiga viganja viwili. Hakusimama."

Ilibidi asimulie, na ilibidi mwalimu asikilize mpaka mwisho. Baba yake alishika mkanda kwa sababu ya ndoo ya maji iliyomwagika. Mtoto alijikunja kama kawaida yake, akavumilia, kisha akakumbuka alichofundishwa. Akaiachia shingo. Akatoa mikono yote miwili, akapiga sakafu, pa-pa, na akamtazama baba yake machoni, maana sheria ya kwanza ni macho. Baba alidhani anadharauliwa. Aliukanyaga mkono uliokuwa chini kwa kiatu cha kazini, vidole vitatu vikavunjika, na kwa kuwa kichwa hakikuwa tena na kinga, kichuma cha mkanda kilipata njia.

"Ningebaki nimejikunja," Paka alisema, kama mtu anayeomba radhi kwa kukosea zoezi.

Mwalimu Hewa alimrudisha ndani, akaenda nyuma ya stoo, akaupiga ukuta ngumi mpaka vifundo vikachubuka. Ulikuwa ukuta wa kweli safari hii. Haukumsaidia kitu.

Baba yake Paka alikuwa fundi wa kuchomelea, fundi mageti walivyomwita, mtu wa mabega mapana na salamu nyingi. Geti la shule alilitengeneza yeye kwa kujitolea, na juu yake akaandika KARIBUNI kwa nondo za kukunja. Mwalimu mkuu, mama aliyening'iniza miwani kifuani saa zote, alimsikiliza Mwalimu Hewa huku akipanga daftari ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Kaa chini, kaka yangu. Baba mtu kakutangulia, kaja asubuhi. Anasema mtoto kaumia kwenye hayo mazoezi yako ya kuangushana."

"Na wewe umeamini?"

"Mtoto mwenyewe nimemwita, kasema hivyohivyo."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya baba yake, ulitaka mbele ya nani?" Alivaa miwani, akaivua. "Sikiliza. Sisemi kapiga vizuri. Lakini nyumba ya mtu ina mwenyewe. Na wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi."

"Samaki hana vidole, Mwalimu."

Mwalimu mkuu alirudi kwenye daftari zake. Kisha akasema, bila kumtazama, kwamba kipindi kimesimamishwa na igizo limefutwa mpaka wazazi watulie, na akanyoosha mkono apewe ufunguo wa stoo.

Kwenye kituo cha polisi alijibiwa yaleyale kwa ufupi zaidi. Askari wa zamu alikuwa kijana mstaarabu, alimpa hata kiti. "Mtoto anasema kaanguka, mzazi anasema kaanguka. Wewe ni nani kwake, mzee wangu? Ingekuwa kampiga mtu mzima, tungekuwa tunaongea mengine. Sasa huyu ni mwanawe. Kwenye kitabu niandike nini?"

Mwalimu Hewa alitoka kituoni, akatembea hatua kumi, akasimama katikati ya njia mpaka baiskeli ikampigia kengele. Ingekuwa kampiga mtu mzima. Hasira iliyokuwa imemkaba tangu Jumanne ilianza kutulia, ikawa na umbo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndiyo, lakini yeye hakutaka fimbo. Miaka kumi na moja alikuwa akiwaambia watoto wa watu kwamba anayepigwa ndiye anayeongoza. Basi ataongoza.

Alipanga kama anavyopanga onyesho. Karakana ya fundi mageti ilitazamana na mashine ya kusaga, na Jumamosi asubuhi foleni ya mashine ilifika barabarani: watu thelathini wenye ndoo za mahindi, wamechoka kusubiri, macho yao hayana kazi. Watazamaji bora kuliko hao hupati hata siku ya kufunga shule. Alivaa shati jeupe, kwa sababu damu huonekana vizuri kwenye nyeupe. Pigo moja, aliwaza akifunga vifungo. Pigo moja mbele ya mashahidi, nianguke vizuri, kisha kituoni.

Fundi alikuwa amechutama akichomelea bawaba, cheche zinaruka. Alipomwona mgeni aliinua kinga ya uso, akatabasamu.

"Aa, Mwalimu! Karibu. Huo mchezo wenu umeniumizia mtoto, lakini yaliyopita si ndwele."

Mwalimu Hewa alimtazama machoni. Akatikisa kichwa mara moja, kama sheria ya pili inavyotaka, ingawa mwenzake hakuijua. Kisha akasema kwa sauti ya jukwaani, ile inayofika kiti cha mwisho:

"Vidole vya binti yako umevivunja wewe. Kwa kiatu hichohicho ulichovaa. Akiwa chini, ametoa mikono anakuomba."

Foleni yote iligeuka.

"Punguza sauti yako," fundi alisema. Tabasamu lilikuwa bado limesahaulika usoni.

"Umemkanyaga mtoto mkono."

Ngumi ilitua mdomoni. Mwalimu Hewa alianguka alivyofundisha, shavu la mguu, paja, tako, bega, na jino likamwishia chini ya ulimi. Shati liliiva wekundu. Mtu alipiga kelele kwenye foleni. Kidogo afurahi: limekwisha, aliwaza, onyesho limekwisha.

Kwenye stoo ya madawati lingekuwa limekwisha kweli. Aliyepigwa ameanguka, pazia. Lakini fundi hakuwahi kuwa mwanafunzi wake. Teke la kwanza liliingia chini ya mbavu, la pili likafuata palepale, na kitu kikavunjika ndani kwa mlio mdogo mkavu ambao hakuna kiganja kilichoutoa. Alijiinua kwa goti moja. Na hapo mikono yake ikapanda yenyewe. Hakuiagiza. Mara ishirini na tatu ulingoni ziliiinua, ya kushoto mbele, ya kulia shavuni, na kidevu cha fundi kilikuwa wazi kabisa, hakina mlinzi. Alijua pigo linakopita. Alijua mtu yule ataangukia wapi, kichwa kwenye ukingo wa meza ya chuma, na kwamba huenda asiinuke. Aliitamani ile ngumi kuliko hewa aliyokuwa akiitafuta. Aliiona damu ikipita kati ya vidole vya mtoto wa miaka tisa. Akasokomeza mikono yote miwili ndani ya ukanda wa suruali yake, kama mtu anayemfungia mbwa wake mkali, akabaki uso mtupu.

Fundi alifikiri huyo naye anamdharau. Aliokota kipande cha nondo. Pigo la kwanza lilivunja bega. La pili lilimpata kwenye sikio la kushoto, na dunia ikageuka kengele.

Alijikuta chini. Hakukumbuka kuanguka. Alichokumbuka baadaye ni kwamba mikono ilitoka kwenye ukanda, na viganja vyake vikapiga udongo, pa-pa. Hakuwa anaigiza. Mpango ulikuwa umeshamtoka kichwani, mashahidi wamemtoka, hata Paka. Aliogopa, mzee mzima, akaomba kwa ishara aliyoibuni mwenyewe. Nondo ikapanda tena. Kumbe ndivyo ilivyo, aliwaza. Anayepigwa haongozi kitu. Anayepigwa anapigwa.

Walimwokoa watu wa foleni. Mama mmoja alimrushia fundi ndoo nzima ya unga usoni, unga aliousubiri tangu alfajiri, na wanaume wanne wakamlalia akiwa bado anakohoa. Ilibidi wamfunge mikono kwa waya wake mwenyewe.

Kesi ilifunguliwa kabla ya adhuhuri, na yule askari kijana safari hii alijua cha kuandika. Jioni askari wa kike alikwenda kukaa na Paka, baba akiwa mahabusu, geti la nyumbani limefungwa kwa ndani. Mtoto aliuliza kama baba anaweza kusikia. Alipoambiwa hawezi, alizungumza saa moja na nusu bila kupumzika. Daktari naye akatoa picha ya vidole, ambayo alikuwa nayo siku zote, ila hakuna aliyemwomba. Hakimu alimpa fundi miaka mitatu kwa sikio la mwalimu na mwaka mmoja kwa vidole vya mtoto, na mwenye kuielewa hesabu hiyo anieleze na mimi. Paka alihamia kwa mama yake mdogo, mtaa wa pili, chumba kimoja na watoto watatu wa mama huyo, na husema analala kama gogo.

Binti wa Mwalimu Hewa alifika wodini siku ya tatu, na mfuko wa dawa kutoka dukani kwake. Kwa mazoea aliweka kiti upande wa kushoto wa kitanda, cha kukalia yeye mwenyewe safari hii, akakaa, akasema jambo. Baba yake alikuwa akitazama dari. Akalisema tena. Mzee hakugeuka. Binti aliinama, akaitazama bandeji, akaelewa. Kisha akainuka, akakiburuta kiti mpaka miguuni pa kitanda, akakiweka uso kwa uso na baba yake, mahali ambapo kila mmoja angemwona mwenzake akisema.

"Kunalia humo?" aliuliza, akigusa sikio lake mwenyewe.

"Kama kengele ya shule. Haikomi."

"Inakoma. Baada ya miezi. Halafu panakuwa kimya, na mimi nilitamani hata ile kengele irudi."

Miaka ishirini na mbili hakuwa amemwambia hayo. Mzee alilia, na mbavu zikamwadhibu kwa kulia.

"Nisamehe, mwanangu. Sikuwahi kukuomba."

Binti alimtazama. Hakusema amesamehe, na mimi sitamsemea. "Nimesikia, baba," alisema, akaanza kutoa dawa kwenye mfuko na kumweleza ipi ya asubuhi.

Muhula uliofuata mwalimu mkuu alimletea ufunguo wa stoo kwa mkono wake. Alisema tu kwamba magodoro yameanikwa. Geti halikuondolewa. Lipo mpaka leo, na linafunga vizuri.

Mwalimu Hewa alifundisha akiwa ameketi, shingo ameigeuza kushoto ili sikio zima liwaelekee. Kabla ya yote alisimama ukutani akaigusa sheria ya tatu.

"Niliwadanganya," alisema. "Viganja viwili havisimamishi dunia. Vinatusimamisha sisi, humu ndani, kwa sababu tumekubaliana. Nje ya mlango huu, mtu akikupiga, linda kichwa chako, kimbia, piga kelele, mwambie mtu mzima. Huyo akikwambia habari za samaki, mwambie mwingine. Usichoke kusema. Mmenisikia?"

Walimsikia. Hakuna aliyecheka.

Igizo lilirudi. Paka alikataa kuwa mwizi. Alisema hivyo waziwazi, na akasema anachotaka: alitaka kamba. Darasa lilitazamana. Mwalimu Hewa alitaka kukataa, akakosa sababu ambayo angeweza kuisema mbele yake. Domo akapewa sehemu ya mwizi.

Walitazamana, macho kwanza. Domo akatikisa kichwa. Paka aliinua kamba kwa mkono wa kushoto, vidole vitatu vimeungana vibaya, na uso ukambadilika. Taya zilikaza, pua ikafunguka. Mwalimu Hewa aliujua uso huo. Mara ya mwisho aliuona chini ya kinga ya kuchomelea, na miaka mingi kabla ya hapo alikuwa ameuvaa mwenyewe. Alisahau mbavu zake, akainuka kwenye kiti. Umati ulipiga kelele, kamba ikashuka na kupanda tena, Paka akanyanyua mguu kumpiga teke, na Domo, aliyezoea kupiga na si kupigwa, akaanguka hovyo, kiwiko kikagonga saruji kwa mlio wa kweli.

Kiganja cha kwanza cha Domo kilifika sakafuni. Cha pili kilikuwa bado njiani. Paka alikuwa ameshasimama, kamba ameiachia, mguu mmoja hewani, na chumba kizima kimesimama naye.

"Umeumia wapi?" alimuuliza.